Mpishi Aliyechoma Nusu ya Mbegu

Ukimwomba Mpishi mbegu ya viazi vitamu, alikupa nusu, na nusu nyingine akaichoma mbele ya macho yako.

Hilo halikuwa jambo dogo. Kwetu Bungoma, upande wa Myanga, mbegu ya viazi haiuzwi. Tunaiita mbegu lakini si punje. Ni zile kamba za kiazi zinazotambaa, unazikata, unazifunga mzigo, unakwenda kuzichomeka kwenye matuta yako. Jirani akija kuomba, unamwonyesha shamba na kumwambia ajikatie. Kumnyima ni kama kumnyima maji ya kunywa. Na kumkatia, kisha kumnyang'anya nusu na kuitia motoni akiona, hilo hata halina jina.

Mpishi alimfanyia hivyo kila mtu. Alivuta kamba ndefu kama mtu aliyelala, akaipima kutoka ncha hadi kwenye kiwiko chake, akakata hapo. Ncha ilikuwa yako. Shina lililobaki, lile nene lenye ngozi kama ya mti, lilikuwa la moto. Wengine walichukua ncha zao wakamsema njiani. Wengine waliondoka mikono mitupu.

"Mama, si unipe yote nikachague mwenyewe?" nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia.

"Utachagua na macho gani?" Mpishi akamjibu. "Huyo anakaa ndani hajaweka mlango."

Aliyekaa ndani ni fukusi wa viazi. Mama yake hutoboa kitundu kwenye shina la zamani, anataga yai moja, anaziba. Kwa nje huoni kitu. Ukibeba shina zima umembeba na yeye, umemfungia mzigo, umemsindikiza mpaka kwako. Lakini ncha changa haipendi. Basi Mpishi alitoa ncha. Ilikuwa ni hesabu rahisi, na kwa sababu yake aliitwa mchoyo kwa miaka yote niliyomjua.

Tulimwita Mpishi kwa kuwa alipika katika shule moja ya msingi, na hata alipostaafu hakuna aliyejaribu jina jingine. Mimi nilimjua nikiwa mtu mzima tayari, nikipeleka kuni shuleni kwa mkokoteni. Shule yenyewe niliiacha darasa la saba. Tangu hapo nimeishi kwa misimu: kupakia magunia ya mahindi Kitale, kuchimba viazi mbatata Kapsokwony kwenye miteremko ambayo hata pikipiki hupandishwa kwa kusukumwa, kuvuna Kachibora, halafu kurudi Bungoma nikichoka. Kila niliporudi nilipita kwa Mpishi. Watu walidhani nafuata chakula. Chakula pia nilifuata.

Siku ya kwanza nilimkuta anabingirisha pipa. Lilikuwa pipa la plastiki lenye maharagwe nusu, limelazwa ubavu kwenye sakafu ya stoo, na yeye analisukuma kwa mguu hadi ukutani, kisha analirudisha. Alifanya hivyo asubuhi na jioni. Walimu walisema ati anafanya mazoezi.

"Mama, hiyo ni nini?" nikamwuliza.

"Nawanyima usingizi."

"Akina nani?"

"Shusha kuni kwanza."

Nikashusha. Akafungua kifuniko, akatoa konzi ya maharagwe na kunieleza. Mdudu wa maharagwe hutaga ovyo katikati ya punje. Mtoto akitoka ni mdogo kuliko chembe ya chumvi, na kutoboa ngozi ya haragwe ni kazi ya muda mrefu. Lazima ajibane kati ya punje mbili, mgongo huku, mdomo kule, ndipo apate nguvu ya kutafuna. Ukigeuza pipa, punje zinahama. Ama anasagwa, ama anaachwa hewani na kuanza upya.

"Wewe ungetoboa nyumba kama nakuhamisha mara mbili kwa siku?" akaniuliza.

Nilicheka. Wakati huo nilikuwa nimelala sehemu nne katika wiki mbili. Alinitazama nguo, akatazama viatu, akaenda kunipakulia.

Kulikuwa na mwalimu aliyesimamia stoo ambaye alitaka kila kitu kinyunyiziwe dawa, mahindi na maharagwe pamoja, kwa hoja kwamba mdudu ni mdudu. Mpishi hakubishana naye. Alichukua chupa mbili kavu. Katika ya kwanza alitia mahindi mazima pamoja na wadudu wa maharagwe, na katika ya pili maharagwe mazima pamoja na fukusi wa mahindi. Akafunga midomo kwa kipande cha chandarua, akaziweka kwenye rafu kando ya chumvi. Niliziangalia kila nilipoleta kuni. Fukusi wa mahindi alitembea juu ya maharagwe kama mtu aliyeshushwa stendi isiyo yake. Mwishowe wote walikufa, na hakuna punje hata moja iliyokuwa na tundu. Mpishi alipeleka chupa zote mbili ofisini, akaziweka juu ya karatasi za mwalimu.

"Sasa hii ni nini?" mwalimu akauliza.

"Ni jibu, mwalimu. Swali umekaa nalo muhula mzima."

Dawa haikununuliwa. Mwalimu naye hakumsalimia mpaka likizo, na Mpishi alisema hiyo ilikuwa likizo ya pili.

Alijifunza wapi haya? Nilimwuliza, kwa sababu mimi huuliza kila kitu na ndiyo maana nimefukuzwa kazi nyingi. Alisema alijifunza kwa kutupa. Miaka yote alikuwa akitenga punje mbovu kutoka kwa nzima, na siku moja akaanza kuzitazama zile mbovu. Hakuwa na cheti, na hakuonyesha dalili ya kukitaka. Afisa wa kilimo alipopita na kutamka jina refu la mdudu, Mpishi alimwambia, "Usiniambie anaitwa nani. Niambie anakula nini na anakataa nini." Maneno hayo aliyatumia pia kwa wagombea kura, kwa wahubiri wa kupita na kwangu mimi.

"Na wewe unakula nini?" aliniuliza mara moja. "Kitale uko, Bungoma uko, mlimani uko. Wewe ni wa jani gani?"

"La kila mahali, mama."

"Wako wa namna hiyo pia," akasema. "Hawafi njaa. Lakini hakuna mmea unaowajua."

Nilikasirika. Nilikaa miezi minane bila kumtembelea. Niliporudi alinipa chai kana kwamba nilikuwa nimeenda kuchota maji tu.

Hakuwa mtakatifu, na sitaki mtu asome hapa akidhani hivyo. Viazi vitamu alivyopigania hakuvila, vilimpa kiungulia. Alidai ukweli kwa watu wote, lakini alikuwa na sikio la kushoto ambalo lilikufa kila alipochoka na maneno ya mtu, na kufufuka sufuria ilipofunuliwa kimya kimya nyuma yake. Kanisani alisinzia tangu wimbo wa pili. Mchungaji akikosea mstari, jicho moja lilifunguka, likafungwa.

Alikuwa na upendeleo pia. Kwenye majani ya viazi kuna mdudu mdogo wa mviringo, amejifunika kigamba kama kobe, anang'aa kama kipande cha shaba kilichosuguliwa. Hutoboa majani hadi yanakuwa chujio. Jirani mmoja alitaka kumponda, na Mpishi alimpiga mkono.

"Huyu anakula jani peke yake. Kiazi kiko chini, hata hakijui kama yuko. Mwache."

"Si ni mdudu, mama? Na unavyowachukia."

"Nani amekwambia nawachukia?"

Baadaye nilimkamata mmoja nikamtia kwenye kiberiti ili nikawaonyeshe wenzangu Kitale. Nilipofungua alikuwa amekufa, na ule mng'aro wote ulikuwa umekwisha, amebaki rangi ya jani kavu. Sikumwambia Mpishi. Nadhani alijua, kwa sababu alijua mambo mengi ambayo sikumwambia.

Lakini fukusi mwenyewe, Mpishi alinionyesha siku tulipokuwa tukipandishia udongo kwenye matuta. Jua likipasua ardhi, yule mdudu hushukia kwenye ufa hadi kwenye kiazi, kwa hiyo Mpishi aliziba nyufa kwa mikono, moja moja, kila wiki ya kiangazi. Alipasua shina moja nene na mdudu akaangukia kiganja chake: mweusi, kiuno chembamba kama cha siafu, pua ndefu. Alikuwa amekunja miguu yote.

"Amekufa," nikasema.

"Subiri."

Tulisimama. Shingo ilianza kuniuma. Nilitaka kuzungumza akanikazia macho. Baada ya muda mrefu mguu mmoja ukanyooka, kisha wa pili, kisha akaanza kutembea kuelekea kwenye kidole gumba.

"Watu huondoka mapema," Mpishi akasema, akamponda kwa ukucha.

Sasa nifike kwenye jambo lililomtoa Myanga. Alipostaafu, kanisa lilimpa atumie kipande cha ardhi kando ya fensi ya kanisa, naye kwa upande wake alikuwa akilifagia kanisa. Kipande kile ndicho kilimlisha. Hakuwa na kingine, na binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mbali, Kachibora. Mwenyekiti wa kina mama wa kanisa alikuwa ameona kwenye lango la mtu Kitale ua linalotambaa, la zambarau, lenye umbo la tarumbeta. Akaleta vipande, kina mama wakapanda, na kwa muda mfupi fensi yote ikafunikwa. Ilipendeza, sitadanganya. Watu walisimama barabarani kuitazama.

Mpishi aliitazama pia, kwa kisu. Alipasua shina la chini, akamkuta mtoto wa fukusi: mweupe, hana miguu, amejichimbia mfereji. Alilipeleka shina lile kwa Mwenyekiti, na mimi nilikuwepo.

"Mayi, hii ni ndugu ya viazi," alisema, akimwita mama kwa lugha yetu. "Fukusi anakaa hapa, anavuka anaingia kwangu."

"Hii ni maua, mayi," Mwenyekiti akamjibu kwa upole.

"Umeona ua la kiazi?"

"Nimeona."

"Likoje?"

Ua la kiazi kitamu ni tarumbeta pia, dogo zaidi, la zambarau iliyofifia. Wote tumeliona tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuyaweka mawili hayo pamoja. Sisi kabla ya kuoana tunaulizana ukoo, ukoo wa baba na ukoo wa mama, ili ndugu wasioane. Fukusi naye huuliza ukoo kabla ya kula, na hakosei.

"Tutazungumza baada ya harusi," Mwenyekiti akasema. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi iliyofuata, na mlango wa maua wa kupitia maharusi ulikuwa utengenezwe kwenye fensi ile.

Mpishi hakungoja. Alhamisi asubuhi, watu wakipita kwenda sokoni, aling'oa fensi nzima. Hapo alikosea, na nilimwambia amekosea. Angengoja siku mbili. Alisema siku mbili ni mayai mangapi. Harusi ilifanyika kando ya fensi iliyonyonyolewa kama kuku.

Wazee wa kanisa walimwita. Walitaka mambo mawili: aombe msamaha, na apande tena. Akikataa, aache shamba. Nilikaa mlangoni nikisikiliza.

"Ya harusi naomba msamaha," alisema. "Hiyo nilikosa, na bibi harusi nitamwendea mwenyewe. Ya maua siombi."

"Mama, omba yote mawili tumalize," mzee mmoja akamsihi. "Si ni maneno tu?"

"Kama ni maneno tu, niachieni yangu."

Nilisimama nikajaribu kueleza habari za mashina na fukusi. Mzee yule yule akaniambia kwamba mtu asiye na shamba haongei juu ya shamba. Nilikaa chini. Hilo nimelikumbuka mara nyingi kuliko mambo mengi niliyofanya.

Wanasema alikuwa na kiburi. Sawa, alikuwa nacho. Wale wasio na kiburi walikuwa wamejaa mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyeinuka akapasue shina aone. Mpishi alikunja sketi yake, akatoka, akakata fungu moja la ncha, akalifunga kwenye gunia lililoloweshwa maji. Mimi ndiye niliyelifunga gunia hilo kwenye pikipiki. Alikwenda Kachibora kwa binti yake akiwa na gunia hilo, sufuria mbili na kisu.

Nyuma yake, mizizi ya maua iliyobaki ardhini ilichipuka tena, na kina mama wakalipanda lile shamba. Kila mtu alichanga mbegu kwa moyo mkunjufu, kamba nzima, ncha na shina, bila kukata wala kuchoma. Msimu wa kwanza walivuna vizuri, wakagawiana mbegu kijiji kizima, na watu wakasema hivi ndivyo kugawa kunavyotakiwa kuwa. Halafu kikaja kiangazi, ardhi ikapasuka. Ukikata kiazi unakuta mifereji myeusi na harufu ya dawa mbovu. Kwa uchungu wake hata nguruwe aligeuza uso. Na haikuwa kwenye kipande cha kanisa tu. Fukusi alikuwa amefika kila alikofika ukarimu wetu.

Mwaka huu, kabla ya mvua, Mwenyekiti alinikuta sokoni akaniuliza kama najua anakokaa Mpishi. Nikasema najua. Akasema twende. Hakusema kwa nini, na kwa mara ya kwanza sikuuliza.

Kachibora tulimkuta binti akichambua mboga uani. Alitukaribisha, kisha akashusha sauti. Mama alikuwa ameishiwa nguvu, mguu umevimba, analala mchana kutwa, watu wengine hata hawatambui. Mpishi alikuwa kwenye kiti kando ya ukuta wa ghala, kichwa kimeinama, mikono imekunjwa kifuani. Alikuwa amepungua sana. Mwenyekiti alimwamkia mara mbili bila kupata jibu, akavuta kigoda akaketi upande wa kushoto.

"Hasikii?" akaniuliza.

"Sikio la huko ni bovu," nikasema.

Nilitazama matuta nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa kali wiki nzima, na hapakuwa na ufa hata mmoja. Udongo ulikuwa umezibwa kwa vidole, alama zilikuwa bado mbichi.

"Mama amelala, tungerudi siku nyingine," Mwenyekiti akasema.

"Tusubiri," nikasema.

Chai ililetwa, tukaanza kuinywa. Kuku walipita. Mwenyekiti akaanza kuzungumza, kwangu, ama kwa kikombe.

"Ile siku alileta lile shina, mimi niliona huyo mdudu mweupe. Niliona vizuri kabisa. Nikajiambia ni kitu ya udongo, nitafagia. Nilikuwa na harusi. Halafu akang'oa, na nikakasirika mpaka nikawaambia wazee wachukue shamba. Mimi ndiye niliwaambia. Tulimnyang'anya chakula yake kwa sababu alisema ukweli."

Jicho moja la Mpishi lilikuwa wazi. Sijui lilifunguka lini.

"Harusi ilienda sawa?" akauliza.

Mwenyekiti alishtuka, chai ikamwagika. "Ilienda sawa, mayi. Wako na watoto wawili."

"Sikuwahi kumwendea. Ya harusi mnisamehe."

"Ilikwisha, mayi."

"Ya maua sirudi nyuma."

"Hapana, usirudi."

"Sasa hiyo ya shamba sema tena. Hili sikio ni bovu."

Mwenyekiti alisema tena, kwa sauti, hata binti akatoka jikoni na mwiko mkononi kusikiliza. Akaongeza kwamba shamba liko, na kwamba kina mama wamekubaliana arudi. Mpishi alinyoosha mkono nikamwinua. Alikuwa mwepesi kama gunia tupu, lakini vidole vilinibana.

"Shamba langu mlipande mahindi kwanza," alisema. "Misimu miwili. Na hiyo maua mtoe na mizizi yake. Fukusi akae na njaa mpaka aondoke. Hizi nitawapa mkapande mbali na hapo, halafu nitakuja kuangalia."

"Utakuja na mguu huo?" binti akauliza.

"Kwani naangalia na mguu?"

Alikata akiwa ameniegemea: kutoka ncha hadi kiwiko, kata. Kutoka ncha hadi kiwiko, kata. Ncha alinipa mimi nifunge. Mashina alimkabidhi Mwenyekiti, mzigo mzito uliojaa mikono yake miwili. Mwenyekiti aliyageuza, akayapasua mawili kwa kucha, akachungulia ndani.

"Lakini haya ni mazima, mayi. Hakuna hata tundu."

"Choma."

"Si basi tubebe tu, watu ni wengi nyumbani?"

"Choma wewe mwenyewe," Mpishi akasema, na akarudi kwenye kiti chake.

Mwenyekiti alichutama kwenye mafiga ya uani. Alitia shina la kwanza, likatoa moshi mzito na maji yakachemka kwenye ncha iliyokatwa. Akatia la pili. Jioni ilikuwa inakaribia na pikipiki ya kuturudisha ilikuwa imeshaanza kupiga honi barabarani. Mpishi alikuwa amefumba macho tena, mikono kifuani. Nilimaliza kufunga gunia, nikalimwagia maji, nikavuta kigoda upande wake wa kulia, nikasubiri.